Je, Wajua? Buibui wa Kwenye Boneti

Je, wajua kwamba ile mizunguko myembamba inayojitokeza kwenye boneti ya gari jua likiipiga, mithili ya utando wa buibui, si mizunguko hata kidogo? Ni mikwaruzo iliyonyooka, maelfu kwa maelfu, iliyolala ovyo kila upande. Jicho huiona ile tu ambayo kingo zake zimekaa sawa kukurudishia mwanga, na hiyo daima ni ile inayokaa kuuzunguka mng'ao wa jua au wa taa. Sogea hatua mbili kushoto, na buibui naye anahama. Huna gari? Chukua sufuria ya alumini iliyosuguliwa kwa majivu na mchanga, iinamishe chini ya taa usiku. Buibui ni yule yule, na aliyemfuga ni yule yule: mkono unaosugua.

Ukucha wako unatosha kuichora rangi ya gari. Chungulia nyuma ya mshikio wa mlango, pale vidole vinapoingia, utaona kazi ya miaka ya kucha za familia nzima.

Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini mwaka 1812 kwa swali moja tu: nani anamkwaruza nani? Almasi ikapewa 10. Ukucha hufika kama 2.5, kisu cha chuma na kioo cha dirisha hukaribia 5.5, na kwatzi, ambayo ndiyo punje nyingi za mchanga wa mtoni, ni 7. Sasa mtazame kijana anayeosha gari la mkubwa wake kando ya kijito, huku kwetu Maniema, Kongo, Kasongo au Kabambare. Sponji, kipande cha godoro kuukuu, inachovywa majini, inagusa mchanga, kisha inapanda moja kwa moja kwenye boneti. Anaamini ameosha. Amepiga msasa.

Na kwa kuwa msasa umetajwa: je, wajua kwamba ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi? Wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, ndugu wa mkuyu, na huota kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo, hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Jani lake likikauka ni kama ulimi wa paka. Mafundi wa mbao walilisugulia viti na mipini, na akina mama wakasugulia vyombo. Karatasi yenye mchanga ilipofika madukani, Mswahili hakuhangaika kutafuta jina jipya.

Namba iliyo nyuma ya msasa huenda kinyume na mtu anavyodhani: kadiri namba inavyopanda, ndivyo punje zinavyopungua ukubwa. Msasa namba 2000 una punje za takriban mikroni 10, yaani sehemu 10 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa mtu una kama mikroni 70.

Msasa wa maji ulitolewa na kampuni ya 3M ya Marekani mwaka 1921, na waliousubiri kwa hamu walikuwa mafundi wa rangi za magari. Wakati ule rangi nyingi zilikuwa na risasi ndani yake, na fundi aliyesugua gari kavu alivuta sumu mchana kutwa. Maji yalilimeza vumbi. Miaka minne baadaye kampuni hiyo hiyo, kupitia kijana mmoja aitwaye Richard Drew, ikaleta utepe wa gundi wa kuzibia sehemu zisizotakiwa kupakwa rangi, baada ya yeye kuwasikia mafundi wakitukana karakana nzima kwa sababu gazeti walilobandika limebanduka na rangi yake.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wenye magari wengi hawapendi kulisikia. Je, wajua kwamba kupiga polishi hakuongezi kitu chochote kwenye gari? Hupunguza. Mkwaruzo ni bonde. Bonde halijazwi, vilima vinavyolizunguka ndivyo vinavyoshushwa mpaka vilingane na sakafu yake. Gari linang'aa kwa sababu limepoteza kitu, na kitu hicho hakirudi.

Na chenyewe si kingi. Magari ya siku hizi huwa na tabaka la kwanza la kushika bati, kisha rangi yenyewe, kisha juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Vyote pamoja, kama vilivyotoka kiwandani, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina kama 100. Klia peke yake ni 40 au 50, nusu ya karatasi hiyo. Kila polishi huondoa mikroni chache. Piga hesabu mwenyewe ni mara ngapi unaweza kulipeleka gari kwa fundi kabla hajafika kwenye rangi, na kumbuka kwamba dawa inayozuia miale mikali ya jua imo humo humo ndani ya klia.

Kipimo cha fundi asiye na mashine ya kupimia: pitisha ukucha taratibu kukata mkwaruzo. Ukikwama, acha. Kina hicho hakiondoki kwa polishi bila kumaliza klia.

Kipimo kingine, cha kujua kama gari lina klia au halina. Sugua kidogo, mahali pasipoonekana, kwa kitambaa cheupe na dawa ya polishi. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia. Kama gari ni jeupe tumia kitambaa cheusi, la sivyo utajidanganya. Magari mengi meupe ya kazi, yale ya misheni, ya hospitali na ya mashirika yanayokuja na kurudi kwenye njia za Maniema, hupakwa rangi ya tabaka moja. Yakichoka huwa kama yamepakwa chaki. Ukiliegemea, suruali inakuwa shahidi. Chaki hiyo ni rangi iliyokufa kwa jua, na ikisuguliwa rangi iliyo hai hujitokeza chini yake. Kwa gari la namna hii polishi ni kama muujiza. Kwa gari la klia iliyobanduka kama ngozi ya nyoka, polishi ni kumwaga pesa mtoni.

Weupe una faida nyingine: buibui haonekani. Mkwaruzo hurudisha mwanga mweupe, na juu ya rangi nyeupe hauna pa kujionyesha. Anayetaka gari jeusi huku kwetu, kwenye barabara za udongo, ajiandae kuishi naye.

Je, wajua kwa nini gari lililolowa huonekana jipya? Mwanga hupinda unapotoka hewani kuingia majini au kwenye rangi. Kati ya hewa na klia tofauti ni kubwa, ndiyo maana kila ukingo wa mkwaruzo unamweka. Maji yakijaa mikwaruzoni, tofauti hiyo hupungua. Mafuta yanaikaribia klia zaidi ya maji, na hapo ndipo ilipo siri ya yule fundi wa njiani anayepitisha kitambaa chenye dizeli au mafuta ya taa na kukudai hela. Gari linang'aa kweli, mpaka kesho yake.

Tuna mawese kwa wingi, na wapo waliojaribu kung'arishia. Tafadhali. Mafuta yaliyobaki juu ya bati hukamata vumbi, na vumbi ndani ya mafuta ni uji wa kusagia. Anayepita na kukuegemea ndiye anayesaga.

Wekundu wa vumbi letu ni kutu, kwa maana ya kikemia: oksidi ya chuma iliyobaki ardhini baada ya mvua za karne nyingi kuchukua mengine yote. Oksidi hiyo hiyo ikisagwa iwe laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara tatu ndiyo poda nyekundu ambayo masonara duniani hung'arishia dhahabu na fedha, na ambayo viwanda vya vioo vilitumia kwa vizazi kusafisha uso wa kioo. Kwa hiyo vumbi la njia ya Kasongo lina dawa ya polishi na msasa ndani yake kwa wakati mmoja. Usijaribu kuitenganisha kwa kanga. Punje moja ya kwatzi iliyosalia inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Kama ni dhahabu unayotaka kuing'arishia, haiko mbali: Namoya, karibu na Salamabila, iko ndani ya wilaya ya Kabambare. Dhahabu ina ugumu wa 2.5 hadi 3, karibu sawa na ukucha. Ndiyo maana pete ya ndoa nayo hufuga buibui wake mdogo.

Na fedha? Jeshi la Dhanis, afisa wa Kibelgiji, lilipouteka mji wa Kasongo mwezi Aprili 1893, daktari wake Mwingereza, Sidney Hinde, alistaajabu kwa aliyoyakuta katika nyumba za Waungwana: magodoro ya hariri, vitanda vya kuchongwa, vikombe vya fedha na vya kioo. Hinde hakusema nani alikuwa akivisugua. Kila anayemiliki kikombe cha fedha anajua kwamba hakiwi cheupe chenyewe. Huwa cheusi, na lazima awepo mtu wa kukifuta. Katika mji wa watumwa jibu si gumu.

Mzigo mkuu uliotoka mjini humo, hata hivyo, ulikuwa pembe za ndovu. Kutoka Kasongo misafara ilipanda hadi Kabambare, ikashuka Ziwa Tanganyika, ikavuka hadi Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo na Unguja. Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, aliyeiweka Kasongo kuwa makao yake, alitajirika kwa njia hiyo, juu ya mabega ya wapagazi na watumwa. Pembe ya Afrika Mashariki ilisifiwa kuwa laini kuliko ya magharibi, inakatika vizuri, haipasuki. Nyingi iliishia jimbo la Connecticut, Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton, ambako ilikatwa vipande vyembamba vya kufunika vitufe vya piano, ikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo hadi ikawa nyeupe, kisha ikang'arishwa kwa unga wa chaki. Chaki, naam. Pembe haihitaji kitu kigumu.

Walega, majirani zetu wa upande wa Pangi, walikuwa na njia yao. Sanamu za pembe za wakubwa wa chama cha Bwami zilipakwa mafuta na kushikwa, zikapakwa na kushikwa, mikono ya baba na ya mrithi wake, mpaka zikawa na mng'ao wa rangi ya asali. 

Turudi kwenye madini. Je, wajua kwamba kasiteriti, jiwe zito lililoipa Maniema jina tangu enzi za kampuni ya Symétain kule Kalima, kwa kikemia ni oksidi ya bati? Na kwamba unga wa oksidi ya bati ni moja ya dawa kongwe za polishi? Isaac Newton aliutumia, juu ya lami, kung'arisha kioo cha darubini yake, na akaeleza namna alivyofanya katika kitabu chake cha 1704 kuhusu mwanga. Hadi leo wachonga vito na mafundi wa marumaru wanautumia.

Baadaye katika karne hiyo hiyo William Herschel, mpiga muziki aliyegeuka mwanaastronomia, alisugua kioo kimoja cha darubini kwa saa 16 bila kuondoa mkono. Dada yake Caroline alimlisha tonge kwa tonge. Nilipomsimulia shangazi yangu habari hii aliuliza jambo moja tu: na yeye dada alikula saa ngapi?

Bati lina habari moja zaidi, na hii inakuhusu kila unapokaa kwenye gari. Zamani kioo kizuri kilimiminwa, kikasagwa pande zote mbili, kikapigwa polishi kwa ile poda nyekundu, kazi ya mashine ndefu kama mtaa. Mwaka 1959 Alastair Pilkington wa Uingereza alitangaza njia nyingine: kioo kilichoyeyuka kinamwagwa juu ya bwawa la bati lililoyeyuka. Kinaelea, kinajitandaza chenyewe, kinapoa kikiwa laini pande zote. Hakuna anayekisugua. Kioo cha mbele cha gari lako kimelala juu ya bati kabla ya kulala juu ya dashibodi.

Kikikwaruzwa na waipa zilizojaa vumbi, dawa yake ni oksidi ya seriamu. Seriamu hupatikana, pamoja na mahali pengine, katika madini ya Gakara, Burundi, ng'ambo tu ya ziwa.

Taa za mbele ni plastiki. Huwa za manjano kwa jua, na dawa ya meno huzisafisha kweli, kwa kuwa ndani yake mna chembe za kusugulia, silika au chokaa laini. Lakini inaondoa pia ngozi ya kukinga jua iliyopakwa kiwandani. Baada ya miezi michache umanjano unarudi, na safari hii unarudi kwa haraka.

Poda iliyo ndani ya dawa nyingi za polishi za magari leo ni oksidi ya alumini, ugumu 9. Kitu kile kile, kikiwa safi na chenye chembe ya kromiamu, ni rubi. Na sufuria yako ya alumini imevaa ngozi yake, nyembamba mno, tangu dakika ilipokutana na hewa.

Sasa rangi yenyewe. Henry Ford aliuza gari lake la Model T kwa rangi nyeusi tu kuanzia 1914 hadi 1925, na sababu haikuwa ubahili wa macho: rangi ile nyeusi ilikaushwa upesi kwenye tanuri, wakati magari ya wengine yalipakwa vanishi kwa brashi, yakasuguliwa, yakapakwa tena, wiki baada ya wiki. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ikaleta gari aina ya Oakland lililopigwa rangi ya Duco ya DuPont, ya buluu, iliyokauka kwa saa chache. Duco ilikuwa na kasoro moja: ilitoka kwenye bomba bila mng'ao. Ilibidi isuguliwe ndipo ing'ae. Klia ya kawaida ilienea tu kuanzia miaka ya 1980.

Mashine ya polishi inayozunguka kwa mhimili mmoja hukata haraka, na mikononi mwa asiyeijua huacha michirizi yake yenyewe, inayocheza kama pazia ukipita na gari jioni. Hatari kubwa iko kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango. Rangi huwa nyembamba zaidi pale, na moto wa mashine hukusanyika pale pale. Fundi mzuri huanza kwa kubandika utepe kingoni. Fundi wa mwaka jana, ambaye simtaji, hakubandika, na ukingo wa gari la mjomba wangu unaonyesha tabaka la kwanza, la kijivu, mpaka leo.

Nta haikwaruzi wala haifuti mikwaruzo, inaifunika. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Kasongo iko kama nyuzi nne na nusu kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba, na bati jeusi lililoachwa nje mchana linaweza kupita nyuzi 70. Waliochagua nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, walijua wanachofanya: hiyo huvumilia hadi zaidi ya 80.

Pikipiki, ambazo ndizo gari halisi la wilaya zetu, zina ugonjwa wake wa pekee. Dereva hulinda tangi kwa kulivalisha plastiki au ngozi ya kushonwa. Vumbi linaingia chini yake, pikipiki inatetemeka siku nzima, na kinga inakuwa msasa. Livue tangi baada ya mwaka mmoja uone.

Na vumbi lililotulia halikwaruzi. Gari linaweza kukaa na vumbi kiangazi chote, Juni hadi Agosti, bila kudhurika, ikiwa hakuna anayeligusa, na likimwagiwa maji mengi kabla ya sponji, kuanzia juu kwenda chini. Tatizo ni watoto. Mmoja wao aliandika NIOSHE kwa kidole kwenye kifuniko cha nyuma cha gari la mjomba. Gari likaoshwa siku ile ile, likaoshwa tena mara nyingi tangu hapo. Saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa mtoni, ukisimama vizuri, bado linasomeka.